Nafasi Tupu kwenye Jiwe la Godwini

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo anaitika huku anatafuna? Meza kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika nchi ya Waingereza, palikuwa na kijiji chenye mvua nyingi na kanisa la mawe. Mle kanisani, ukutani na sakafuni, mlijaa mawe ya kumbukumbu, kila jiwe na jina la marehemu na sifa zake. Mchongaji alikuwa Bibi Edita. Ko! Ko! Ko! Alikuwa mzee, mzee hasa, nadhani hata kunguru wa mnarani walimwamkia.

Bibi huyu alikuwa na sharti lake. Sifa za mtu zisomwe kwanza mbele ya kijiji kizima. Mstari ukichekwa, hauchongwi.

Sasa, palikuwa na Godwini, mwenye kinu cha kusagia ngano. Tajiri, mchoyo wa kutupwa. Watu wakileta ngano, yeye huwaacha nje wanyeshewe mpaka amalize kula. Na alivyokuwa anakula polepole! Godwini huyu aliogopa jambo moja tu: kusahauliwa. Akaenda kwa Bibi Edita.

"Bibi, nichongee jiwe langu ningali hai, nilione. Sifa nimekuja nazo."

"Haya, mwanangu. Jumapili nitazisoma."

Jumapili kanisa likafurika. Bibi akasoma: "Hapa amelala Godwini, mtu mkarimu."

Kwa! Kwa! Kwa! Kanisa zima.

"Mpole kwa jirani."

Kwa! Kwa! Kwa!

"Mume mwenye maneno matamu."

Hapo Hilda, mkewe, alicheka mpaka akashika nguzo.

Hakikubaki kitu. Godwini akasimama ameduwaa, machozi yanamlengalenga. Jamani, hata mimi ninayesimulia namwonea huruma.

"Kwa hiyo jiwe langu litakuwa tupu, Bibi?"

"Kwani umekufa? Jiwe nakutunzia. Na maneno yako sibadili hata moja."

Kesho yake mvua ikanyesha, chwaa! Godwini akaenda mlangoni pa jumba la kinu. Akasita. Akafungua.

"Ingieni, moto upo."

Watu wakatazamana. Akaingia mmoja, akaingia mwingine. Mvua nyingine akawapa supu, na Hilda akapewa neno tamu. Mvua nyingine akawaimbia. Sauti yake ilikwaruza kama bawaba yenye kutu, lakini nani angeuacha moto?

Miaka ikapita, Godwini akafa. Bibi Edita yu hai, maana alikataa katakata kufa na kazi haijaisha. Akasimama kando ya jeneza, akasoma yale yale.

"Mtu mkarimu." Kimya.

"Mpole kwa jirani." Kimya. Watu wanafuta machozi.

"Mume mwenye maneno matamu."

"Chonga, Bibi," akasema Hilda. "Na uongeze: mwimbaji hodari."

Kwa! Kwa! Kwa! Kanisa likalipuka, na wa kwanza kucheka ni Hilda mwenyewe.

"Huo umechekwa," akasema Bibi, naye akijifuta machozi ya kicheko. "Hauchongwi."

Ko! Ko! Ko! Akachonga mistari mitatu, wa nne akauachia nafasi. Wageni wakiiona hudhani jiwe limelika. Watoto wa kijiji huipitishia kidole, wakaimba vibaya makusudi, wakacheka. Basi Godwini hajasahauliwa.

Nanyi, sifa mnazozitamani jiweni, anzeni kuziishi mvua ya kesho ikinyesha.

Hadithi yangu naitua hapo. Aliyekuwa anatafuna, aendelee.