Bani Lililomeza Nyumba Tatu

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali maana mama yangu aliiona kwa macho yake, palikuwa na shamba la tumbaku huko nyanda za juu za Iringa. Wenye shamba waliondoka, tumbaku ikaisha, likabaki bani moja. Bani ni ghala refu la matofali ya kuchoma la kukaushia tumbaku. Moto unawashwa nje kwenye tanuru, joto linapita ndani kwa mabomba ya bati, na majani yananing'inia juu kwenye fito. Nawaambia mapema ili mtu asije akasema nimemchanganya.

Mchochea moto wa bani hilo alifariki, akamwacha mjane wake, Agripina. Agripina alijenga kibanda ubavuni mwa bani, na kila masika aliwasha tanuru la mumewe ingawa hapakuwa na jani hata moja la kukausha. Watu walimcheka. Walisema, "Agripina anamkausha marehemu." Yeye akachochea tu. Moshi ukapanda kwenye maboriti, mchwa wakahama. Mabani mengine ya shamba yalioza maboriti, yakabomolewa, hilo moja likabaki limesimama.

Basi halmashauri ikatoa tangazo: jengo halikaliwi na mtu, ni hatari, litabomolewa. Ila kama yupo wa kuligeuza makazi bila kuharibu sura yake ya kale, aombe kibali.

Aliyeomba ni Twilumba. Huyu alikuwa mchora ramani za nyumba, mama wa mtoto mmoja, mpangaji wa chumba kimoja. Nyumba za watu alizichora, yake hakuwa nayo. Alikuwa amesubiri kiwanja mjini mpaka akachoka kusubiri, na ndiyo kwanza amekipata. Kamati ya mipango miji ikamwambia, "Dada, mtu mmoja hashiki viwili. Chagua kiwanja au bani." Mimi ningechukua kiwanja, na wewe unayetabasamu hapo ungechukua kiwanja. Twilumba alikirudisha. Akachora, akakataliwa kwa sababu ya madirisha. Akachora tena bila kutoboa ukuta, akakataliwa kwa sababu ya choo. Akachora tena, wakakubali. Hivyo bani likameza nyumba ya kwanza, kabla hata haijajengwa.

Kisha akaja afisa mipango miji, Bwana Mgimba, kukagua. Akaupiga ukuta wa nyuma kwa kiganja, ukadondosha matofali. Akasema, "Huu uzibwe kwanza, na uzibwe kwa matofali ya shamba hili hili. Sitaki viraka vya matofali mapya."

Matofali ya shamba yalikuwa yamebaki mahali pamoja tu, kwenye nyumba ya Onesmo, fundi mwashi, aliyeijenga kwa mabaki ya yale mabani yaliyobomolewa. Onesmo alikuwa amemwoa binti wa Agripina, na kwa desturi ya kwao mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Agripina alikwenda, akakaa nje ya nyumba hiyo, akalia. Onesmo akaugeukia mgomba, akasema, "Mama, usilie. Nimesikia." Akabomoa nyumba yake tofali kwa tofali, akaenda kuziba ukuta. Mkewe, na mimba yake, akahamia jikoni kwa shemeji yake. Bani likameza nyumba ya pili.

Kibali kikatoka na masharti yake. Kibanda cha ubavuni kiondolewe, ukuta wa kale uonekane. Ndani pasijengwe ukuta, mtu akiingia aone bani lote mpaka kwenye fito. Iishi humo kaya moja tu, na iwe imehamia kabla ya mvua kuanza, la sivyo kibali kinakufa na bani linabomolewa. Agripina alibomoa kibanda chake kwa mikono yake, hakutaka kusaidiwa. Bani likameza nyumba ya tatu.

Mgimba akaja na ufunguo, mawingu yakiwa yameshajaa. "Niandike jina la nani?"

Twilumba akasema, "Langu. Bila mimi hapa pangekuwa kifusi. Mwanangu ananiuliza kila siku tunahamia lini, nami nimemwambia ni leo, na chumba cha kupanga nimeshakirudisha."

Onesmo akasema, akiwa ameelekea ukutani, "Langu. Ukuta huu ni chumba changu cha kulala. Mke wangu anakaribia kujifungua. Mtoto wangu azaliwe jikoni kwa watu?"

Agripina akasema, "Mimi sijui kusema sana. Maisha ya mume wangu yote yako kwenye moshi wa hayo maboriti. Mkinitoa hapa mnanipeleka wapi?"

Najua mnachotaka kusema: si waishi wote? Nao walisema. Mgimba mwenyewe alishalainika, akasema, "Nitaandika kaya moja. Nani ni nani, sitauliza."

"Mimi na mama, chini ya paa moja, bila ukuta?" akauliza Onesmo.

"Tundikeni pazia."

Agripina akatikisa kichwa. "Pazia litatuficha macho, baba. Kukohoa je? Mkwe wangu anisikie nikijigeuza kitandani?"

"Nitachora ukuta mdogo wa mbao," akasema Twilumba.

"Wa mbao nao ni ukuta," akasema Mgimba, na ilimuuma kusema hivyo.

"Basi niingie mimi na mama, tutaelewana," akasema Twilumba tena.

"Na mjukuu wangu?" akauliza Agripina.

Twilumba akakunja ramani yake. Alikuwa amemwona mke wa Onesmo asubuhi, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anajishika kiuno. Onesmo naye alikumbuka jinsi mtoto wa Twilumba alivyokuja na mto wake kichwani. Kila mmoja alikuwa na haki yake na aliijua, lakini sauti ya kuidai ilikuwa imepungua.

Wakasimama wote chini ya paa, Onesmo pembeni, mgongo kwa mama mkwe. Ukuta waliouegemea ulikuwa na joto. Alfajiri ile Agripina alikuwa amewasha tanuru, ili yeyote atakayeingia asikute baridi.

Tone moja likagonga bati. Wote wakamtazama Mgimba.

"Mimi sijasikia kitu," akasema, kalamu mkononi. "Lakini la pili nitalisikia."

Haya, nyinyi mliokaa pakavu, msiniangalie mimi. Mmoja alilitunza, mmoja aliliombea kibali, mmoja alilisimamisha, na wote watatu hawana pa kulala. Je, nani alistahili ufunguo ule?