Nyama Iliyolazwa Kwenye Sufi

"Huna moto, huna moshi, na haya pia huna!" Khairat alipaza sauti juu ya ua wa makuti, na mtaa wote wa Chumbageni ukatega sikio. "Mama mkwe katoka Mwera kuja kufuturu kwako, nawe wamlazia nyama kitandani?"

"Si kitandani, shoga, ni kapuni," alijibu Mwatumu huku akikung'uta mvua kwenye kanga yake. "Na ukizidi kupiga kelele utaiamsha kabla haijaiva."

Vicheko vikatoka nyumba za jirani.

Ilikuwa Ramadhani ya miaka ile ya dhiki, sabuni ikitafutwa kama lulu na mkaa ukipatikana kwa kujuana. Nyumba iliyofuka moshi alasiri ilihesabiwa kuwa ina mke, isiyofuka ilisemwa. Ya Mwatumu ilisemwa mpaka Mwera, maana umbeya haulipi nauli. Mama yake Mbarouk, mume wa Mwatumu, aliposikia kwamba mwanawe hupikiwa bila moto, alifunga safari, na hakuficha lililomleta. "Nikikuta chakula kibichi," alisema hata kabla hajaketi, "nitamtafutia mwanangu mke wa pili, anayejua jiko."

Mchana wa siku hiyo Mwatumu alikuwa na nyama ya ng'ombe mzee, ngumu kama soli ya kiatu, na mkaa usiojaza hata bakuli. Aliibandika nyama pamoja na magimbi na tangawizi mpaka sufuria ikatokota kwa hasira. Kisha akaifunika, akaizungushia kanga kuukuu, akaizika ndani ya kapu lililoshindiliwa sufi, na juu yake akakandamiza mto wa kulalia. Kazi ikaisha.

"Mama, nipe ruhusa, nawahi foleni ya sukari."

Mama Mbarouk alilitazama kapu kama mtu atazamaye kaburi bichi.

Sasa Mwatumu amerudi na sukari yake. Khairat hakuipata, kwa kuwa alishinda akilinda jiko. Naye alikuwa na nyama ya ng'ombe yuleyule, ila kuni zake zilirowa, akazimiminia mafuta ya taa ya mwisho na kupuliza hadi macho yakawa mekundu kama pilipili.

"Kama imeiva, funua tuone!" alichochea.

"Jirani yako asema kweli," Mama Mbarouk alidakia. "Funua."

Mwatumu akapiga hesabu. Kuonja hawezi, ana saumu. Akifunua, joto litapotea, na mkaa wa kulirudisha hana. Asipofunua, hatajua lolote mpaka mwadhini aadhini, na hapo ndipo ndoa yake itakapopimwa mbele ya sinia. Mkono wake ulifika kwenye mto, ukarudi.

"Mama, nakuomba subira mpaka adhana. Ikiwa mbichi, nguo ya bi harusi huyo nitaishona mimi mwenyewe."

Vichwa vikachungulia juu ya ua. Khairat akarudi kupuliza jiko lake.

Jua likazama, adhana ikasikika. Mbarouk na mama yake wakafungua kwa tende na maji. Mwatumu akaondoa mto, akafungua kanga, akainua kifuniko. Mvuke ulipanda hadi kwenye dari, na harufu ya tangawizi ikaruka ua bila kubisha hodi. Mama Mbarouk alishika mfupa. Mfupa ukabaki mkononi, nyama ikaanguka kwenye sinia. Akatafuna kwa meno yake machache. Akachukua kipande kingine, na kingine tena.

"Mbarouk," alisema mwishowe, "mke wa pili wa nini? Mimi nitakalorudi nalo Mwera ni kapu."

Mwatumu aliinua kichwa kama aliyetawazwa.

Mara sauti ya Zubeiri, mume wa Khairat, ikavuka ua: "Mke wangu, hii ni nyama au mkanda wa suruali? Nje imeungua, ndani inalia!"

Khairat alitoka uani akiwa na masizi usoni, akasimama mlangoni kwa Mwatumu. Mwatumu alitaka kusema neno, lakini mkwewe alimtangulia, akisogea kwenye mkeka ili nafasi ipatikane.

"Mwanangu, mwite mumeo, nawa mikono uingie ule. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Na simba wa nyumba hii hali peke yake."