Hodi ya Mama Atupele

Ujumbe huu nimeupata leo asubuhi, na chai yangu imepoa nikiwa bado nausoma. Usome mpaka mwisho, kisha umpelekee yule ndugu yako anayesali kila siku lakini hana raha.

Palikuwa na mjane mmoja aitwaye Tusekile. Alikimbia nchi ya mtawala katili akiwa na watoto wawili: Atupele, binti wa miaka mitano, na Lusajo, kichanga wa mgongoni. Walifika mpakani mikono mitupu, hawana hata mtu wa kuwatetea. Aliyewapokea ni mwana wa mfalme wa nchi jirani. Akambeba Atupele mabegani, akawapeleka wote kwa baba yake.

"Baba, hawa ni wa kwetu," akasema. "Nimewaleta kwa jina langu."

"Kama ni wako, ni wangu," mfalme akajibu. Akamgeukia Tusekile. "Mama, kuanzia leo wewe ni mtu wa nyumba hii. Chakula ni chako, kisima ni chako. Ukiwa na shida usimtume mtu, njoo mwenyewe."

Tusekile akapiga magoti akashukuru. Maneno aliyasikia vizuri, ila moyoni hayakumwingia.

Akaishi kigeni. Akila, anabakiza. Chungu hafunui hata njaa ikimuuma. Alfajiri alikuwa wa kwanza kushika ufagio, na si kwa kupenda usafi. Aliogopa kwamba siku wakimwona hana kazi watamrudisha alikotoka. Na kila mlango, hodi. Wapishi walimtania kwamba iko siku atapiga hodi chumbani kwake mwenyewe. Alicheka nao, na kesho yake akapiga hodi jikoni kama kawaida. Asipoitikiwa, alirudi na njaa yake. Usimcheke sana, mimi nina miaka thelathini kanisani na namwelewa vizuri.

Siku moja mchana Lusajo akashikwa na homa kali. Mwili wa moto, macho yanapinduka. Dawa ya homa ile ilikuwa kwa mfalme peke yake, katika chumba alimokuwa akizungumza na machifu wake. Tusekile akakimbia na mtoto mpaka mlangoni, na hapo miguu ikagoma.

"Hodi," akaita, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikika.

Ndani, machifu walikuwa wakibishana juu ya mipaka ya malisho, hakuna aliyemsikia. Akaita tena. Hakuna jibu. Akakaa kwenye ngazi, amempakata mwanawe, anampepea kwa upindo wa khanga. Pumzi za Lusajo zikaanza kukatikakatika. Mama yule alijua kabisa kwamba mtoto anaweza kumfia pale pale, na bado mkono wake haukuinuka kuusukuma mlango.

Atupele akaja akimtafuta.

"Mama, mbona umekaa hapa?"

"Nangoja kukaribishwa."

"Na nani?"

"Na mfalme. Ana wageni wakubwa. Nyamaza."

Mtoto akamtazama mama yake kama asiyemwelewa. Akampita pembeni, akausukuma mlango kwa mikono miwili. Haukuwa na komeo. Akaingia pekupeku, akapita katikati ya machifu wote, akamshika mfalme goti.

"Babu, Lusajo anaumwa."

Machifu wote wakageuka kumtazama. Kule nje, Tusekile alisikia yote. Alijua sasa wamekwisha, leo wanafukuzwa.

"Mama yako yuko wapi?" mfalme akauliza.

"Yuko nje, anapiga hodi."

Mfalme akainuka, akakiacha kikao vile vile, akatoka mwenyewe. Akamchukua Lusajo, akamwingiza ndani, Tusekile akifuata nyuma, akamnywesha dawa kijiko kwa kijiko, huku yule mwana wa mfalme, aliyekuwa kikaoni, akimshikia mtoto kichwa. Baada ya muda jasho likamtoka kichanga, homa ikashuka, naye akaanza kulia kwa njaa. Tusekile alikuwa hajawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile.

"Nisamehe, mfalme," akasema. "Binti yangu hana adabu. Tutaondoka."

"Muondoke mwende wapi, na kwenu ni hapa? Mwanangu hakuniletea mgeni. Atupele amekosa nini? Ameingia kwao."

"Mimi nilidhani nitaingia siku nitakapostahili."

"Kama ni kustahili, mama, mpaka leo ungekuwa bado umesimama mpakani."

Tusekile akalia sana, na kila alivyolia alijisikia mwepesi. Mfalme akamwonyesha kiti chake mwenyewe, naye Tusekile akakaa hapo akamnyonyesha mwanawe, na machifu wakaombwa wangoje nje kidogo.

Funzo: Aliyeletwa na Kristo si mgeni tena katika Ufalme wa Mungu. Msamaha ni wake, amani ni yake, na Baba anamsikiliza mchana na usiku. Hukuingia kwa kustahili, uliingizwa kwa jina la Mwana. Basi mlango usikutishe, ingia ukamwambie Baba kinachokuuma.