Chakula cha Marehemu

Ninyi mnaonong'ona kwenye mabenchi ya nyuma, ngojeni kidogo. Mfano huu wa mahubiri ya leo sitaurudia, maana hata mimi unanitia baridi.

Kulikuwa na kijiji kimoja cha mlimani ambako vita vilikuwa vimekwisha. Watu wake walikuwa na desturi. Kila Ijumaa mchana, aliyepotelewa na mtu alipeleka sahani ya ugali na sombe, yale majani ya muhogo, kwenye magofu ya nyumba zilizochomwa. Unaweka chini, unamtaja marehemu wako, unaondoka. Kugeuka nyuma ni mwiko! Ukigeuka, eti marehemu atakufuata mpaka nyumbani.

Siku zote chakula kile kililiwa na panya na kunguru. Lakini Ijumaa moja watu waliporudi kuchukua vyombo, walikuta sahani zote tupu. Zimeoshwa. Zimefudikizwa juu ya jiwe, bado zinachuruzika maji.

Jamani, tangu lini maiti akaosha vyombo?

Waliogopa, tena wakafurahi. "Wapendwa wetu wamepokea!" Wakaongeza maharage, wakaongeza samaki, mmoja akapeleka hata kitenge kipya. Kitenge nacho kikaenda.

Sasa, palikuwa na mama mmoja ambaye binti yake alichukuliwa na askari wa msituni akiwa na miaka kumi na mitano. Mwili haukuonekana, wakaweka matanga bila mwili. Mama huyu kila Ijumaa alipeleka viazi vitamu, maana binti yake alivipenda. Ijumaa moja ukungu ulikuwa mzito. Ameshaweka sahani, ametaja jina, "Mapendo, mwanangu, kula," anaondoka zake. Mara akasikia nyuma yake mtoto mchanga anakohoa.

Akausahau mwiko. Akageuka.

Kwenye mlango usio na ubao alisimama binti yake, mifupa mitupu, mtoto mgongoni, anakula viazi kwa mikono miwili.

"Mama, usikimbie. Sijafa."

"Ee Mungu wangu! Mbona hukuja nyumbani?"

"Nilikuja, mama. Nilisimama nyuma ya jiko. Nikakusikia unamwambia shangazi kwamba wasichana wanaorudi na watoto wa askari, heri wangefia hukohuko. Nikasema basi, kama ni hivyo, acha niwe maiti nipate kula."

Mama alipiga yowe. Majirani wakaja mbio na sahani zao mkononi, wakamwona binti, wakamwona mtoto. Mzee mmoja akauliza, "Huyo baba yake nani?" Binti akamfunika mtoto kwa kitenge kile kipya. Basi, mmoja mmoja, wakageuka na sahani zao. Wakarudi nazo nyumbani, zimejaa vilevile. Walipofika mbali kidogo wakamwita yule mama: "Njoo, twende!"

Mnaniuliza mama alifanya nini? Sijui. Bado amesimama pale, huku anaitwa, huku anatazamwa. Amekaa kwenye mabenchi haya haya.

Ndugu zangu, sisi tunawajua sana wafu! Kwenye msiba tunapika masufuria makubwa, tunalia mpaka sauti zinakauka, wala hatumuulizi maiti alilala wapi au alizaa na nani. Ila huyu anayepumua, aliyebebeshwa mimba kwa mtutu wa bunduki, huyu ndiye tunayemhoji kabla ya kumpa kijiko cha uji. Nasikia aibu kusema, lakini nami nimewahi kupita mlangoni kwa mmoja wao nikijifanya natazama simu.

Nyuma ya soko letu kuna chumba kimoja cha mabati. Wasichana sita wanalala humo na watoto wao. Msijifanye hamkijui. Leo ibada ikiisha sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Nakwenda kule, na mke wangu ameshatangulia na sufuria. Mkiniona njiani, msinisalimie. Nifuateni.