Kalunguyeye na Kiingereza cha Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Kiboko?
Yumo majini!
Wenye kiu?
Wako nje!

Haya. Kiangazi kimoja mito yote ilikauka, likabaki bwawa moja tu, na Kiboko kajilaza ndani yake. Jamani, lile lijitu lilikuwa na tamaa! Likatunga sheria: "Hapa ni Kiingereza tu. Atakayesema lugha ya mama yake atavikwa kibao shingoni, na siku saba hagusi maji. Anayetaka kunywa atunge sentensi: atakunywa lini, ataondoka lini, na kitenzi kisiteleze."

Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba, alikuwa na mama mgonjwa.

"Mwanangu, maji," mama akasema.

Kalunguyeye akakariri, akakariri, akaenda. "When I drinks..."

"Kosa! Rudi kesho." Chubwi! Kiboko akazama.

"Mwanangu, maji."

"Kesho, mama. Nimebakiza kitenzi kimoja tu."

Akakariri, akakariri, akaenda. "After I has drink..."

"Kosa! Rudi kesho." Chubwi!

Siku ya tatu mama alilamba midomo tu.

Kalunguyeye akaachana na sentensi. Akaenda bwawani, akajikunja duara juu ya jiwe ambalo Kiboko huegemezea kidevu. Kiboko akaibuka, akaegemea. Chwa!

"Yalaaa! Mama weee, nakufa!"

"Lugha ya mama hiyo!" wanyama wote wakapiga kelele. "Kibao! Kibao!"

Kiboko akataka kubisha. Atabisha nini, na sheria katunga mwenyewe, na Tembo kasimama pale anamtazama? Akavikwa kibao, akajikokota hadi juani, kwata, kwata, kwata.

Wanyama wakanywa, wakaoga, wakamwita Kalunguyeye shujaa. Mwenyewe hakunywa. Alichota maji kwenye jani, akakimbia nayo mbio. Akamkuta mama amelala ubavu, mwili umeshapoa. Akamtilia maji mdomoni, yakatokea pembeni.

"Nisamehe, mama," akalia. "Miiba nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Mimi huyo nakariri!"

Nami sina zaidi; hadithi nimeitua, abebe mwenye mabega. Funzo lake, watoto: someni vitenzi kwa bidii, wala msiwe na haraka, subira huvuta heri. Anayebisha akamuulize mama yake Kalunguyeye.