Miguu ya Sultani Kombo

Nimebeba kisa!

Kitue, bibi, tukione!

Kizito!

Tutasaidiana!

Haya, sogeeni. Wewe Sauda, mbona unachezesha mguu? Viatu vipya vinakubana? Havibani? Sawa, kama havibani.

Hapo kale, kale hasa, kabla makubadhi hayajajua kushoto na kulia, mji huu ulikuwa na sultani wake mwenyewe. Aliitwa Kombo, na miguu yake nayo ilikwenda kombo: wa kushoto mrefu na mwembamba, wa kulia mfupi na mpana. Unacheka nini wewe? Siku zile ungecheka hivyo, ungelala gerezani. Mji mzima ulijua, na mji mzima haukujua.

Aliyemshonea Sultani makubadhi alikuwa Bwana Mbaruku. Ah, Mbaruku! Ulimi asali, meno yote nje. Ukifika dukani kwake unakalishwa kwenye mto, unapepewa, unanyunyiziwa marashi. "Karibu bwana wangu, karibu mboni ya jicho langu! Mguu huu, au wa malaika?" Kisha anapima mmoja tu, wa kushoto. Mmoja, jamani! Maana kupima yote miwili ni kama kusema huenda hailingani, na adabu haimruhusu.

Basi Sultani anavaa, mguu wa kulia unabanwa, anachechemea.

"Yamekukaa vizuri, mtukufu?"

"Vizuri sana," anajibu Sultani, machozi yakimlenga. Angesemaje, na mwenzake amempepea vile?

Sasa mtu anayeumwa mguu, roho nayo huchacha. Sultani akaona mji mzima una kisirani, akatoa amri: muuzaji asiyemchekea mteja ahame sokoni. Na mkaguzi wa vicheko akawa nani? Nyinyi mnamjua. Mbaruku.

Pembeni ya soko alikaa Bi Kidawa, mjane, naye fundi wa makubadhi. Kibanda kile ndicho kilichomlisha yeye na mama yake kipofu. Uso wake, Mungu anisamehe, ulikuwa umekunjamana kama dagaa juani. Ukifika hana mto, hana marashi. "Leta mguu. Leta na wa pili. Unakwenda nayo wapi?" Mchukuzi anamshonea soli nene, mkulima wa mpunga anamwekea ukanda wa nyuma asiachwe matopeni. Na ukienda kununua bila haja, anakufukuza: "Haya uliyovaa bado mazima. Nenda zako."

Mbaruku akamjia. "Bi Kidawa, cheka."

"Nicheke nini?"

"Cheka tu. Ni amri."

Akajaribu. Wallahi alijaribu! Mtoto wa jirani akaangua kilio.

"Ijumaa uwe umehama," Mbaruku akasema, akitabasamu vizuri kabisa.

Alhamisi Bi Kidawa akawa anakusanya nyundo na sindano zake. Mama atakula nini? Hilo tu ndilo lilimzunguka kichwani. Mara Sultani huyo, anapita sokoni na watu wake, na ukanda wa kubadhi ukamkatikia palepale mbele ya kibanda. Mbaruku hayupo, kafuata marashi.

Waziri akamnong'oneza Bi Kidawa: "Sema neno tamu, bibi, hata moja. Utaachiwa kibanda chako."

Bi Kidawa akamtazama Sultani. "Keti," akasema. "Leta mguu. Leta na wa pili."

Akaishika miguu ile miwili, akaiweka pamoja magotini mwake, akaona malengelenge.

"Miguu yako hailingani, baba. Huu umeumia. Unauma wapi? Hapa?"

Waziri akafumba macho. Sultani akalia kwikwi mbele za watu. "Hapo," akasema. "Hapo hapo. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Bi Kidawa akakaa akashona, la kulia mbali, la kushoto mbali. Sultani akasimama. Akatembea. Akaruka! "Kidawa hahami!" akapiga kelele. "Na mafundi wote waje wajifunze kwake!"

Wakaja, Mbaruku mbele. Wakakaa kutwa nzima wakimtazama. Kesho yake Mbaruku akatupa mto, akamwaga marashi, akakunja uso. Mteja akaingia.

"Keti! Leta mguu!"

Na wa pili? Aka! Huo hakuuliza.

Ndiyo maana mpaka leo, wajukuu zangu, ukienda dukani, huyu anakuchekea mpaka magego na kiatu kinakubana. Yule anakununia na kiatu kinakubana vilevile. Walijifunza uso, mguu hawakuutazama. Nanyi mkija kuwa na duka, au ofisi, au hata genge la nyanya, chekeni, msicheke, mimi halinihusu. Lakini muulizeni mtu pamuumapo, kisha mnyamaze aseme.

Sauda. Wewe, Sauda! Tangu tuanze unajifanya sultani hapo. Vua kiatu hicho.

"Vinanitosha, bibi..."

Leta mguu. Haya, usilie, mama. Leta na wa pili.

Kisa changu kimevua makubadhi mlangoni, kimeingia kulala.

Nasi tulale nacho, bibi, pekupeku!