Kiraka cha Kijani

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana bati za siku zile bado ziko juu ya mapaa zinaota kutu, palikuwa na mtaa uitwao Magugani. Mtaa huo haukupangwa na mtu. Wa kwanza alijenga, wa pili akajibanza ubavuni mwake, wa tatu akaziba njia, mpaka zikafika nyumba mia nne na kumi na tatu, na jeneza likawa halitoki mpaka liinamishwe.

Siku moja akaja Bwana Mipango kutoka halmashauri. Akapanda juu ya kreti la soda, akasema, "Nawapeni siku mia moja. Leteni mpango wenu wenyewe. Kila nyumba ionekane, barabara ipitishe gari la zimamoto na la wagonjwa, maji yawe na mahali pake. Mkileta, mtabaki. Msipoleta, tunao wa kwetu, na katika huo wa kwetu hapa ni maegesho ya malori."

Magugani waliogopa, nawaambia kweli. Watu waliokuwa hawasalimiani wakakaa mkeka mmoja. Na kwa kuwa walisikia kwamba mitaa mingine iliandikisha nyumba hewa, zisizokuwapo, mipango yao ikatupwa, wakajiwekea sharti lao: nyumba haihesabiwi mpaka mwenyewe asimame mlangoni, ataje jina kwa mdomo wake. Kazi ya kuhesabu wakampa Mjumbe Mwinshehe, mtu mwenye adabu zake, asiyeingia hata kwa ndugu yake bila kubisha mara tatu.

Mwinshehe akaanza.

"Hodi! Nani wa hapa?"

"Ni mimi."

"Taja jina."

Likatajwa. Akachora namba mlangoni kwa chokaa, akaandika daftarini, akaenda nyumba ya pili.

"Hodi! Nani wa hapa?"

"Ni mimi."

"Taja jina."

Hivyo hivyo, mlango kwa mlango, mpaka mlango wa Mwanahija.

Mwanahija alikuwa amefiwa na mumewe, Kondo, wiki ileile Bwana Mipango alipopanda kreti. Alikuwa ndani anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Hesabuni wenyewe: siku za halmashauri ni mia moja, siku za eda zinapita hapo kwa mwezi mzima. Mwinshehe alifika, akainua mkono abishe, akaukumbuka msiba, akaushusha. Aliona haya kumtoa mjane mlangoni kwa ajili ya chokaa. Akasema moyoni, nitarudi. Akaondoka kwa kunyata, asimsumbue.

Ndani, Mwanahija alizisikia nyayo zikija, zikisimama, zikienda zake.

Daftari likapelekwa kwa Bi Mwasiti, fundi cherehani, mkazi wa ng'ambo ya mfereji. Huku juu kwa kina Mwanahija alikuwa hafiki ila kwa harusi. Akasema, "Karatasi inaloa, inachanika, na wengi wetu hatujui kuisoma. Mpango huu nitaushona." Akaunga mashuka mawili meupe. Kila nyumba yenye namba ikaleta kipande cha nguo yake iliyochakaa, kanga, kanzu, sare ya shule, na Bi Mwasiti akakishona mahali pa nyumba hiyo. Barabara akaishona nyekundu. Maji akayashona ya buluu. Viwanja vya wazi akavishona vya kijani. Nguo ilipendeza, mtu akiiona anatamani kuishi ndani yake.

Siku ya tisini na tisa pakabaki tundu moja jeupe. Bi Mwasiti akafungua daftari: hapana namba. Akatuma mtu kwa Mwinshehe: amelazwa, malaria imempanda kichwani, hajui hata jina la mkewe. Na Bwana Mipango alishasema, pengo moja tu, nguo inarudi na watu wanahama. Bi Mwasiti akakata kitambaa cha kijani, akaziba. Uwanja. Na kwa kuwa sasa pana uwanja, ile barabara nyekundu iliyokuwa imekatiza juu ya nyumba ya Kidawa akaifumua, akaipindisha ipite kwenye kijani, isimvunjie mtu. Alifurahi kwa hilo. Aliimba huku anashona.

Siku ya mia nguo ikatundikwa kwenye goli la shule. Mwenyekiti wa mtaa, Chambuso, akatangaza, "Kila mtu apite, aguse nyumba yake kwa kidole. Ukishaigusa, umeukubali mpango."

Wakapita. Huyu akagusa kanga yake, akacheka. Huyu akagusa kanzu ya marehemu baba yake, akalia. Akaja Kidawa. Kidawa ndiye jirani wa Mwanahija, ukuta kwa ukuta. Ndiye aliyempelekea uji kila asubuhi tangu msiba, ndiye aliyemtekea maji. Akagusa nyumba yake. Akaona pembeni yake pana kijani. Akaona barabara, juzi ilikuwa juu ya kitanda cha mama mkwe wake, leo imesogea. Akafahamu papo hapo. Kinywa kikafunguka.

Chambuso akauliza, "Nani hajaiona nyumba yake?"

Kimya.

"Nani hajaiona nyumba yake?"

Kimya.

"Mara ya tatu na ya mwisho. Nani hajaiona nyumba yake?"

Kidawa akafunga kinywa.

Jioni akapeleka uji kama kawaida. Mwanahija akamwuliza, "Shoga, nimesikia vigelegele. Na mimi nimo?"

Kidawa akasema, "Wote tumo, shoga. Kunywa, utapoa."

Mpango ukapokelewa, ukagongwa muhuri. Bwana Mipango akasema, "Hongereni. Lakini jueni, nguo hii haifumuliwi. Ukifumuliwa uzi mmoja, mpango wote umekufa." Nani aliyejali? Magugani walikula pilau siku mbili.

Eda ikaisha. Mwanahija akaoga, akavaa nguo safi, akajipaka mafuta, akafungua mlango wake kwa mara ya kwanza tangu Kondo atolewe. Mbele ya mlango palikuwa na tingatinga.

"Mama, toka uwanjani," Bwana Mipango akamwambia.

"Uwanja gani? Huu ni mlango wangu."

Akaoneshwa nguo. Akaweka kidole juu ya kijani, akasema, "Hapa ndipo ninapolala." Bwana Mipango akamgeukia Chambuso. "Mwenyekiti, nguo hii ina kosa? Ukisema ina kosa, naikunja sasa hivi na malori yanakuja. Sema."

Chambuso alimtazama Mwanahija. Alikunywa chai nyumba ile mara ngapi, na Kondo alikuwa swahiba wake! Watu walikuwa wamesimama nyuma yake, kila mmoja anamwombea ajibu vizuri. Unajua walivyotaka ajibu.

"Haina kosa," akasema Chambuso.

Kuibomoa nyumba kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maharage. Kilichobaki ni kitanda cha Kondo na sufuria mbili. Mwanahija akakaa juu ya kitanda, vumbi likimtua kichwani kwenye yale mafuta aliyojipaka.

Ijumaa akaomba baraza. Wakaja, maana waliona aibu. Mwanahija akasema, "Pole nimeshapewa, zinatosha. Nataka mlango. Magugani imejaa, hakuna hata pa kusimika kigingi, na nguo haifumuliwi. Basi mmoja wenu anipishe nyumba yake. Nani?"

Mwinshehe, aliyekonda kwa ugonjwa, akasimama. "Mimi nilikuheshimu. Ningekugongea, mtaa mzima ungenisema kwamba namtoa mjane ndani. Nilikusudia kurudi, homa ikanizuia. Sikukutendea ubaya wowote. Nilipita tu."

Bi Mwasiti akasimama. "Mimi nilishona nilichoandikiwa. Sijawahi kupita mlangoni kwako. Ningeacha tundu, leo sote tungelala chini ya malori. Mnavaa nguo niliyowashonea, halafu mnanichoma sindano?"

Kidawa akasimama, akalia kwanza. "Mimi nilijua. Siwezi kusema sikujua. Lakini mama mkwe wangu ana mwaka wa sita hajainuka kitandani, ningempeleka wapi? Na ninyi mnaonikodolea macho, siku mia moja na thelathini, nani mwingine alimpelekea huyu hata kikombe cha maji?"

Chambuso hakusimama. "Mimi niliwekewa nyumba moja huku na mia nne na kumi na mbili kule. Ninyi mlikuwa nyuma yangu. Nilisikia mnavyopumua."

Ndipo mtu mmoja, jina lake nalificha kwa kuwa wajukuu zake wapo, akapaza sauti kutoka nyuma, "Na yeye mwenyewe je? Alizisikia nyayo. Angesema nipo, tu. Dini haikumkataza kusema nipo."

Mwanahija akamtafuta kwa macho, akamwona. "Kweli. Nilizisikia. Neno lilinifika hapa kooni. Nikaona haya, mjane wa siku tisa kumwita mwanamume aliye barazani. Kosa hilo ni langu, nalikubali, na nimelilipa kwa nyumba yangu na chumba alichofia mume wangu. Ninyi makosa yenu mmeyalipa kwa nini?"

Jua likawa kali, mmoja akasema ana sufuria jikoni, mwingine akamfuata, na kila mtu akarudi kwenye mlango wake wenye namba ya chokaa.

Barabara ile ni nzuri, wallahi. Gari la zimamoto limeshakuja mara mbili, likaokoa nyumba ya Bi Mwasiti na nyingine tatu za jirani. Gari la wagonjwa lilimwahi mama mkwe wa Kidawa siku pumzi ilipombana. Na kila yanapokuja, Mwanahija, ambaye bado amekiweka kitanda cha Kondo pale pale kilipokuwa, katikati ya barabara, anainuka, anakivuta kitanda, gari linapita, anakirudisha.

Nimeisimulia hadithi hii Magugani kwenyewe. Watu wanagombana mpaka mate yanaruka: yule aliyepita kwa adabu, yule aliyeziba tundu, yule aliyepeleka uji akanyamaza, au yule aliyekana mbele ya tingatinga. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutaja wale mia nne wengine, ambao vidole vyao viligusa nyumba zao, na macho yao hayakusogea hata inchi moja kutazama pembeni.

Sasa ni zamu yenu. Msinong'one, semeni kwa sauti, maana Mwanahija anasikiliza, na siku hizi hana ukuta wa kumzuia kusikia.

Je, nani alistahili kumpisha nyumba yake?